Mdogo Wangu Aliyerudi Kutoka Angani

Watu wa jamatkhana, nyumba yetu ya ibada, wakiniona hawaniulizi hali. Wananiuliza Sadru yuko wapi, na lini atakuja kuzungumza na vijana. Mimi ni Khatoon, dada yake mkubwa. Kwa kuwa kila mtu anamsifu bila kumjua, leo nitamsema mimi ninayemjua.

Tulitoka Upanga, Dar es Salaam, mwaka 1972, tukahamia huku ng'ambo, nchi ya theluji. Yeye alikuwa na miaka kumi na minne, mimi kumi na tisa. Baridi ya kwanza tu ilimlaza baba kitandani. Mmoja wetu ilibidi aache masomo akafanye kazi, na hakuna aliyeuliza ni nani. Nikaingia kiwanda cha mabawa ya ndege hapa Agincourt, nikapiga ribiti za kuunganisha mabati, Sadru akasoma. Akajiunga na jeshi la anga, akarusha ndege za kivita. Mwaka 1992 akachaguliwa kuwa mwanaanga, na miaka mitatu baadaye akaizunguka dunia siku tisa. Mama alilia mbele ya televisheni. Mimi nilikuwa zamuni.

Aliporudi, wenye kiwanda chetu wakampa ukurugenzi, maana picha yake ilipendeza ukutani. Ndivyo mdogo wangu alivyokuwa bosi wangu. Kiwandani alinisalimia kwa Kiingereza, huku akitazama saa.

Wakati huo nilikuwa nimepewa stoo ya zana. Kila zana ina ndoano yake ubaoni. Fundi akichukua bisibisi, anatundika mahali pake kibati cha shaba chenye namba yake. Zamu ikiisha, saa tisa na nusu alasiri, hakuna bawa linalotoka kama kuna kibati kilichobaki, kwa sababu zana iliyosahauliwa ndani inaweza kukwamisha usukani na kumuua rubani. Na tulikuwa na desturi moja tuliyoishika kuliko zote: anayesema mwenyewe kwamba amepoteza zana haadhibiwi, hata akipoteza kila wiki.

Novemba 1997 Onesphore alikuja dirishani kwangu amenywea. Alikuwa fundi mpole, mkimbizi kutoka Burundi, na alikuwa anasubiri karatasi za kumleta mkewe kutoka kambi ya wakimbizi.

"Dada Khatoon, torche yangu siioni. Nafikiri imebaki ndani ya bawa."

Bawa lilikwishafungwa, na wanunuzi walikuwa waje kulichukua asubuhi yake. Nikasimamisha kazi. Sadru akashuka mwenyewe na tai yake, na siku hiyo alikumbuka Kiswahili.

"Dada yangu, ondoa hicho kibati. Kulifungua bawa ni siku mbili nzima. The customer is already on his way."

"Wewe ni rubani, Sadru. Ungekubali kuirusha ndege hiyo?"

Akamgeukia Onesphore, akamshika bega.

"Ndugu yangu, sisi sote watu wa nyumbani. Pengine hiyo tochi umeisahau kwenye gari, si ndiyo?"

"Sina gari, patron," alisema Onesphore. "Iko ndani."

Nilimchukia mdogo wangu palepale, na sioni haya kusema hivyo. Nikamwambia akikigusa kile kibati, nitakaa mlangoni asubuhi nimngoje mnunuzi. Bawa likafunguliwa. Tochi ilikuwemo, imelala kando ya waya wa usukani.

Ijumaa Onesphore akafukuzwa. Barua ilisema uzembe. Nilipanda ofisini kwa Sadru bila kubisha hodi.

"Alisema mwenyewe," nilimwambia. "Unaijua desturi yetu."

"Mteja alitaka jina, dada. Ulitaka nimpe lako?"

Mwezi uliofuata aliwahutubia vijana jamatkhana kuhusu usalama wa marubani. Mama akanigusa kwa kiwiko nipige makofi. Sikupiga. Onesphore alikuwa anaosha vyombo hotelini, na mkewe bado yuko kambini hadi leo ninapoandika.

Tangu hapo ubao wangu unajaa zana kila alasiri. Mwaka mzima hakuna kibati hata kimoja kilichobaki. Sadru ameipeleka habari hiyo kwa wenye kiwanda, wakampandisha cheo.

Wiki iliyopita nilipokea koleo. Lililotoka asubuhi nililijua vizuri, mpini wake uliungua zamani. Lililorudi lilikuwa jipya, na karatasi ya bei ya dukani imebandikwa ubavuni. Nikalipeleka hadi mezani kwa Sadru, nikaliweka mbele yake.

"Mafundi wanaogopa kusema," nilimwambia. "Wakipoteza zana wananunua nyingine, wanatundika. Za zamani zimo ndani ya mabawa."

Aliligeuzageuza lile koleo. Kisha akaibandua karatasi kwa ukucha wa kidole gumba, akanirudishia koleo.