Vipimo vya Mkekani

Binti yangu ana ualbino, na jua la Handeni halina huruma na ngozi yake. Shule ilipotangaza safari ya kwenda kuogelea baharini Tanga, niliamua kumshonea mwenyewe vazi la kuogelea lenye mikono mirefu, miguu ya kufika kisiginoni na kofia. Sokoni kitambaa kizito cha kuvutika kilikuwepo cheupe tu, nikakichukua.

Nilitaka iwe siri, kwa hiyo nilimpima mchana akiwa amelala mkekani. Mama yangu akaingia, akaona kitambaa, akaona futi niliyoinyoosha kutoka utosini hadi kisiginoni. Akanipokonya.

“Anayepimwa amelala ni maiti! Unamkatia sanda mjukuu wangu?”

Nilimjibu vibaya. Nikarudi kwenye cherehani na hasira zangu, nikashona kwa vipimo vilevile.

Jioni binti yangu alilivaa. Lilimkaa sawasawa, uso tu ndio ulioonekana. Alicheka, akajilaza mkekani, akanyoosha miguu, akafumba macho.

“Mama, ona, hivi ndivyo nitakavyoelea.”

Nilimwambia ainuke. Mama yangu alikuwa amesimama mlangoni, na mara hii hakunifokea.