Anwani ya Watu Wote

Mwaka wa 2007 nilikuwa nashona yunifomu za shule katika kibanda kando ya barabara ya kuingia mtaa wa Rhonda, hapa Nakuru, na kilichonitenga na saiba ya rafiki yangu, duka lake la kompyuta na intaneti, kilikuwa ukuta wa mbao tu. Tulisikiana kila kitu. Alilalamika kwamba cherehani yangu inamtetemeshea kompyuta, nami nilimjibu kwamba kompyuta zake za mitumba zilikuwa zikitetemeka tangu zizaliwe. Asubuhi alinipitishia chai kwenye pengo la ubao uliong'oka, mchana nikampitishia ugali na sukuma. Watu walimwita Mama Saiba, mimi Mama Yunifomu, na wengine walidhani sisi ni ndugu. Lugha za mama zetu zilikuwa mbali kabisa, lakini hatukuona haja ya kumsahihisha mtu.

Siku hizo watu wengi wa mtaani hawakuwa na barua pepe, na hawakuona kwa nini wawe nayo. Sisi tumekuzwa na sanduku la posta la mtu mwingine. Barua zangu zote za usichana zilifika kwa sanduku la shule ya msingi, na mwalimu mkuu alikuwa akisoma majina ya bahasha gwaride likiendelea, aibu gani hiyo. Nyumbani kwetu Rongai walitumia sanduku la kanisa. Sanduku moja, kijiji kizima, na hakuna aliyewahi kudhani kwamba barua zote zilizopita humo ni za pasta.

Kwa hivyo rafiki yangu alipofungua saiba, alifanya vile mama yeyote wa huku angefanya. Alifungua anwani moja ya barua pepe, ya duka, na yeyote asiyekuwa na yake akatumia hiyo. Fundi wa viatu alimwandikia binti yake aliye ng'ambo. Kwaya ilitumia, kikundi cha akina mama kilitumia, vijana wa kuomba kazi walitumia. Neno la siri alilibandika ukutani juu ya kompyuta, sasa hiyo siri ni ya nini. Chini ya kila barua palijiandika penyewe jina la duka na namba yake ya simu, ili mtu akitaka kujibu kwa haraka apige. Majibu yakija aliyachapisha, akasimama mlangoni na kuita mwenyewe kwa sauti. Nilimcheka sana. Nilimwambia anajifanya postamasta, akaniambia tofauti ni kwamba postamasta ana pensheni.

Uchaguzi ukafanywa Desemba, na yaliyofuata yanajulikana. Sina nguvu ya kuyaeleza upya. Januari ilipofika, jirani alikuwa akimtazama jirani na kujiuliza kwao ni wapi. Vijikaratasi vya vitisho vilitupwa milangoni. Simu zilileta matusi juu ya kabila hili na lile. Na kwenye mtandao, kumbe, kulikuwa na kundi la siri la barua pepe ambamo watu walichocheana na kuulizana nani anaishi wapi. Mimi ningelijulia wapi, mtu wa sindano na uzi?

Watu fulani wakalidukua kundi hilo. Mpaka leo sijui ni akina nani. Hawakuacha jina, walijiita wananchi tu. Waliingia humo kwa ujanja wao, wakazichota barua zote na kuzianika kwenye ukurasa wa mtandao ili kila mtu asome, pamoja na anwani na namba za simu zilizokuwa chini yake. Juu waliandika kwamba wachochezi wamejificha vya kutosha. Kwa siku chache nchi nzima ilikuwa ikiusoma ukurasa huo, na kundi lenyewe likafa.

Barua moja ilitaja mashamba ya upande wa Rongai yatakayochomwa Jumamosi. Haikutaja majina. Iliyaeleza kwa alama: lile lililo baada ya ghala la mahindi, lile lenye lango la bluu. Lango la bluu ni la kaka yangu. Tulilipaka pamoja, mimi na yeye, Krismasi moja, tukagombana juu ya rangi. Binamu yetu wa Nairobi aliisoma barua hiyo Ijumaa akiwa kazini, akampigia kaka. Kaka yangu ni mbishi, hata daktari akimwambia anaumwa atabisha, lakini siku hiyo hakubisha. Alipakia mke na watoto kwenye trela la trekta ya jirani, wakaja uwanja wa maonyesho hapa Nakuru, walikokimbilia wengine wengi. Kesho yake nyumba ilichomwa, na mahindi ya mwaka mzima ndani yake.

Nilipofika uwanjani niliwakuta watoto wamekaa juu ya godoro nyasini, wanakula mkate mkavu na kusukumana. Walikuwa wakicheka, Mungu wangu. Nilipiga magoti pale pale mbele ya watu na kuwaombea baraka waliofungua zile barua, popote walipo. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu na sijayarudisha maneno yale.

Kisha kaka akanipa karatasi. Binamu alikuwa ametuma ile barua ikachapishwa mjini. Niliisoma mpaka chini, na chini palikuwa na jina la duka la rafiki yangu na namba yake ya simu.

"Rafiki yako," kaka aliniambia. "Yule wa chai."

Nilicheka. Haki sikucheka kwa dharau, nilicheka kwa sababu nililijua jambo lenyewe, na nilidhani nikilieleza litaisha. Nikamwambia hayo maneno ya chini hujiandika yenyewe, hata ukiandika salamu za Pasaka. Nikamwambia hiyo ni anwani ya watu wote, kama lile sanduku la kanisa. Nikamkumbusha kwamba yeye mwenyewe aliitumia kuulizia bei ya mbegu, na mimi ndiye niliyempeleka. Kaka hakuwa ananisikia. Nguo alizovaa zilikuwa zake za mwisho. Alisema imeandikwa, na kilichoandikwa kimeandikwa. Alisema ameshampigia simu huyo mwanamke na kumwambia alichostahili kuambiwa.

Na si yeye peke yake. Wiki hiyo simu ya rafiki yangu haikunyamaza. Walimpigia watu asiowajua, wa Nakuru, wa Nairobi, wa mpaka Ulaya, wakamtukana kwa lugha zote. Wengine walimwambia wanajua watoto wake wanasoma wapi. Alinieleza haya kupitia lile pengo la ukuta, kwa sauti ya chini, na sikuwahi kumjua na sauti ya chini. Nilimwambia afunge duka aende kwa mama yake Subukia mpaka moto upoe. Alibeba watoto na nguo kidogo. Birika ya chai ilibaki kwangu.

Vijana walikuja mchana peupe. Walivunja mlango na kuzitoa zile kompyuta, wakazichoma barabarani. Mimi nina mdomo, kila mtu Rhonda anajua, na siku hiyo niliutumia wote. Nilisimama mlangoni nikawaeleza habari ya sanduku la posta, nikawatajia mmoja mmoja nani mamake alipokea barua pale, nani aliombea kazi pale. Walikuwa wananipita tu. Baba mmoja ambaye nimewashonea watoto wake tangu darasa la kwanza alinishika mkono akanisogeza kando, kwa adabu kabisa.

"Lisemwalo lipo, mathe," aliniambia.

Nilimpigia rafiki yangu nikiwa nimewaka. Nilitaka aniambie nani alikaa kwenye ile kompyuta na kuandika barua ile, kwa maana lazima anajua, aliwajua wateja wake wote. Alisema kuna mtu anamdhania. Lakini siku hiyo viti vilijaa tangu asubuhi, na hatamtaja mtu kwa kudhani. Nilimgombeza. Nilimwambia ni ujinga kubeba mzigo wa mtu mwingine wakati jina moja lingemtua. Aliniuliza kama nimekula. Nilikata simu kwa hasira, na mpaka leo hasira hiyo inaniaibisha.

Basi nikaamua kuwaandikia waliozianika barua. Nilikwenda kwa Mhindi ninayenunua vitambaa kwake, mzee mpole ambaye familia yake imeuza vitambaa mjini tangu enzi za babu yake, akaniketisha nyuma ya duka kwenye kompyuta yake. Nilimwambia ninachotaka kusema. Kwanza asante, watoto wa kaka yangu wako hai. Pili, mmekosea mtu, tafadhali ondoeni jina lake, au andikeni tu kwamba anwani ile si ya mtu mmoja. Alitafuta ule ukurasa, akatafuta tena. Haukuwepo. Walikuwa wamemaliza kazi yao, wakaufunga na kwenda zao. Karatasi zilizochapishwa zilikuwa bado zinazunguka Rhonda, Rongai na kwingine, lakini wao hawakuwepo. Mzee aliniuliza kama kuna anwani nyingine. Chifu akinikosea ofisi yake naijua. Hawa ningewapata wapi?

Vijana wangu siku hizi husema wadukuzi wa namna hiyo ni mashujaa, kwamba bila kuficha majina wangeuawa. Wanasema kweli. Nikianza kubisha nawaona wale watoto kwenye godoro, wanakula mkate, nanyamaza. Halafu usemi wa mashujaa ukizidi, naona kompyuta zikiungua, nafungua mdomo tena. Wananiambia nichague upande. Wao hawajui ninachoombwa kuchagua.

Mambo yalipotulia, katikati ya 2008, nilimwomba kaka twende naye Subukia. Hakwenda. Alisema ameshasamehe. Sasa mtu akisema amekusamehe kosa ambalo hukulifanya, utaongea naye nini? Nikaenda peke yangu na birika. Nilimkuta rafiki yangu kwenye shamba la kahawa la mama yake, amekonda, amefunga kitambaa kichwani. Alifurahi kuiona birika kuliko kuniona mimi, nikamwambia hivyo, tukacheka kidogo. Nilimwambia kibanda chake bado kiko wazi. Alisema hatarudi, Rhonda hakuna atakayeketi kwenye kiti chake, na sikumdanganya kwamba watu wamesahau.

Alipika chai kwa birika ileile. Akaniuliza watoto wa kaka yangu wanaendeleaje. Nikamwambia wamerudi shule, yule mdogo amepoteza meno ya mbele. Nikamweleza yote, lango la bluu, simu ya Ijumaa, trekta, maana mpaka siku hiyo sikuwa nimepata ujasiri wa kumweleza kwamba karatasi iliyomharibia ndiyo iliyowaokoa. Nilikuwa nalia. Yeye hakulia. Alisema anashukuru Mungu kwa ajili ya watoto, na niliona kwamba anashukuru kweli.

Kisha akazungusha kikombe.

"Wale wa ukurasa, namba yangu walikuwa nayo," alisema. "Wakampa kila mtu. Kila mtu akanipigia, hata kaka yako akanipigia. Wao tu ndio hawakunipigia. Wangeniuliza swali moja."

Nilishika birika nikamwongezea chai. Watoto wa kaka yangu walikuwa hai.