Ndoo Iliyompa Mjukuu Wangu D

Tuliokuwako siku ya kufunga shule ni hawa: mimi, mjukuu wangu wa kidato cha tatu, yaani binti wa mwanangu wa tatu, ninayekaa naye hapa Amu, mnapopaita Lamu, tangu meno ya utotoni hayajamtoka, wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, asiye na mtoto wala mjukuu pale shuleni ila alisikia kuna soda, mwalimu mkuu, na mwalimu wa Kiswahili, binti wa bara, mpole, mwenye miwani. Mwanangu, baba wa mtoto, yuko kazini Mombasa, kwa hivyo yeye alikuwako kwa simu. Majina ya wote ninayo, na ya baba zao, lakini mjukuu wangu amenikataza kuyaandika. Eti watu wa siku hizi hawapendi kuandikwa.

Roho yangu ilikuwa juu. Mwanangu alikuwa amesema ripoti ikija na D hata moja, Januari binti anahamia Mombasa asome karibu naye. Mtoto hataki. Mimi ndiyo usiniulize.

Mwalimu mkuu alitusomea habari za muhula. Vyoo vimepata mabati mapya. Maabara imepata bomba la maji, maji yenyewe bado. Timu ya voliboli ya wasichana ilikwenda Siyu ikafungwa seti zote.

"Lakini wamerudi na uzoefu," akasema.

Wifi akanigusa kwa kiwiko. "Uzoefu ni kikombe cha namna gani?"

"Kunywa soda yako, wifi."

Kisha tukaitwa kwa walimu mmoja mmoja. Hesabu, B. Baiolojia, B. Jiografia, C, na hiyo nikaisamehe, maana mtoto akisoma kisiwa chetu chote anamaliza kwa asubuhi moja. Nikaanza kutembea kwa maringo. Kwenye meza ya Kiswahili nilikaa kama mama wa bibi harusi, nasubiri kupongezwa.

"Kiswahili," akasema mwalimu, "amepata D."

"D ya mtoto gani?"

"Ya huyu, nyanya."

"Mwalimu, mwanangu, huyu ni wa Amu. Babu zake wamezikwa hapa mpaka nafasi imekwisha."

Mwalimu hakubishana. Akatoa insha. Waliambiwa waandike juu ya mtu wanayempenda, na mjukuu wangu aliniandika mimi. Mwalimu akasoma: "Nyanya alikaa yuu ya kitanda, mato yake hayaoni uzi. Akaniita, 'Ndoo, mwanangu, ndoo upesi!'" Pembeni kwa wino mwekundu alikuwa ameuliza: Ndoo ya nini? Mstari wa chini mtoto kaandika, "Nikenda mbio." Na mwalimu pembeni: Ndoo imeachwa wapi?

Sasa nyinyi wa mbali ngojeni nikuelezeni: kwetu "njoo" husemwa "ndoo". Njia ni ndia, nchi ni nti, juu ni yuu, macho ni mato. Huyu binti wa watu alitafuta ndoo ukurasa mzima, masikini, na mle ndani hamkuwa na hata kopo.

Nilicheka mpaka mtandio ukanianguka. Halafu kicheko kikanikatika, kwa sababu asubuhi ya mtihani mtoto aliniuliza, "Nyanya, niandike vipi?" nami nikamjibu, "Andika kama tunavyosema mimi na wewe. Hao wengine wamekuja kuazima kwetu." Mtoto akanitii. Siku zote nikimwambia afue hanitii, siku hiyo alinitii.

"Lakini mwalimu, si sasa umeelewa?"

"Nimeelewa, nyanya. Na insha yenyewe nzuri. Ila mtihani wa mwisho atausahihisha mtu ambaye hajafika Amu. Ataitafuta ndoo kama nilivyoitafuta mimi."

Nikaiomba ile insha niende nayo, bila kubishana. Jambo hilo ni nadra, wifi ni shahidi.

Tulikuwa bado hatujafika langoni simu ikalia. Baba mtu.

"Mwambie B," wifi akaninong'oneza. "Hiyo ripoti itaanguka baharini. Kazi hiyo niachie mimi."

Mjukuu wangu alikuwa ameshika ukingo wa buibui langu, mtoto mkubwa vile. Nikamwambia mwanangu kweli: D iko, ni ya Kiswahili, na mwenye D ni mimi. Kisha nikamwambia binti amsomee baba yake ile insha. Akasoma. Alipofika "ndoo, mwanangu, ndoo upesi," nikamsikia mwanangu kule Mombasa, mtu mzima na ndevu zake, akicheka na kupenga kamasi kwa pamoja.

"Mama, ndivyo ulivyokuwa ukiniita dirishani."

"Na hukuwa ukija," nikamwambia.

Akajikohoza, akaitafuta sauti yake ya ubaba. Akasema binti atabaki, lakini shuleni aandike Kiswahili cha shuleni, na mimi nisimfundishe kuandika tena. Nimeshika ahadi. Akifanya kazi za shule mimi nachungulia tu, na mdomo nimeuziba kwa kutafuna tambuu.

Liko jambo moja ambalo sina hakika nalo. Mimi nilisikia mwanangu akisema binti abaki "muhula mmoja, tutazame". Wifi anaapa alisema abaki "mpaka amalize". Mjukuu wangu anasema alisikia kama wifi, lakini yeye lazima aseme hivyo. Wazazi wengine walikuwa wakipita langoni, na simu ile ina sauti kubwa. Kama kuna aliyesikia vizuri kuliko mimi, naomba aje nyumbani anisahihishe, na aje mapema, maana muhula huu ulioanza Januari umebakisha wiki mbili na mwanangu mwenyewe siwezi kumuuliza, asije akakumbuka.