Kope la Chini la Mama

Nilipokuwa mtoto, kule Bombambili, jicho la mtu likicheza nyumba nzima ilitaka kujua ni kope lipi. La juu, mgeni yuko njiani. La chini, machozi yanakuja. Bibi yangu mzaa baba, Mkatoliki asiyekosa misa, hakuona ubaya kuamini na hilo pia.

Mwaka huo baba alikuwa Tunduru. Alikuwa fundi cherehani, lakini mitumba ilipofurika sokoni watu waliacha kushonesha, naye akawafuata wenzake kwenye machimbo ya vito. Mvua zikaikata barabara. Kisha mchuuzi mmoja akaleta habari kwamba shimo limetitia huko na watu wamefukiwa. Majina hakuwa nayo.

Asubuhi iliyofuata kope la chini la mama likaanza kucheza. Lilirukaruka kama lina kidudu ndani; nililiona alipoinama kunimiminia uji. Bibi akipita, mama alilifunika kwa kiganja. Siku zilivyokwenda likazidi.

"Mama Sabina, jicho lina nini?" bibi akauliza hatimaye.

"Linacheza tu, mama."

"La juu au la chini?"

Mama alikaa kwenye kigoda, akasema jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu: kwamba halali, kila akifumba macho anamwona baba shimoni. Nilidhani bibi atamweleza habari za machozi. Alimshika mkono tu, na tangu siku hiyo akahamishia mkeka wake chumbani kwa mama.

Haikupita muda, jicho langu nalo likaanza. Nilikimbia uani nimejaa furaha.

"Bibi, langu linacheza! La juu!"

Akanivuta kwenye mwanga, akalitazama kwa makini. "Kweli linacheza," akasema. "Vaeni, twende stendi."

Mama alisita, kisha akachukua khanga yake. Njia nzima nilitangulia mbio, nikarudi, nikatangulia tena. Alasiri basi la Tunduru, la kwanza tangu barabara ifunguliwe, likaingia, limejaa tope hadi madirishani. Nilikodoa macho mlangoni, abiria wakishuka mmoja mmoja, baba hayumo. Ndipo nikasikia jina langu kutoka juu. Alikuwa kwenye keria, amekonda, ana ndevu, anashusha mizigo.

Sikungoja afike chini. Nilimdaka miguu kwenye ngazi.

"Shikamoo mama," akamwambia bibi, kama mtu aliyetoka dukani. Shimo lililotitia lilikuwa la jirani zao, na yeye alikuwa miongoni mwa waliofukua kuwatoa watu. Mama aliegemea basi, akalia hadi abiria wakageuka.

"Makope yote mawili yamesema kweli," bibi akasema, amefurahi kupita kiasi.

Lakini la mama liliendelea kucheza hata baba akiwa anakula ugali mbele yake. Lilitulia kesho yake, baada ya mama kulala kutwa nzima.

Miaka mingi baadaye mwanangu alilazwa hospitali, na kope langu likacheza siku nyingi mfululizo. Daktari alinieleza kwamba wasiwasi na kukosa usingizi hufanya misuli midogo irukeruke yenyewe. Nilimwamini, maana nilikwishaliona hilo nyumbani kwetu. Kope la mama halikujua lolote la kesho. Lilikuwa limechoka na hofu aliyoibeba peke yake. Ila bibi, kwa kuwa aliamini makope, alimtazama mkwewe usoni kila asubuhi, na ndivyo alivyogundua kwamba halali.