Tundu la Kinyonga wa Kaka

Wifi yangu, fundi cherehani, alikuwa anaogopa vinyonga kupindukia. Kaka alipofariki akamwachia mmoja, kwenye tundu la wavu uani.

Akamtunza shingo upande. Kila asubuhi alijaza maji makopo manne yaliyoshika miguu ya tundu, siafu wasipande. Tawi la mpera likarefuka hadi likagusa paa la tundu, hakulikata. Siafu wakapitia hapo. Tulikuta wamejaa tele, kinyonga hatukumwona.

Mwaka wa pili huu, tawi kashalikata, makopo bado anajaza.

“Wifi, tundu ni tupu,” nikamwambia. “Tulivunje.”

Akanijia juu. “Nani kakwambia ni tupu? Kaka yako alisema huyu akijificha, hata anayemlisha hamwoni!”

Nilicheka. Lakini siku hizi nikipita pale nanyata, nisimshtue.