Nyundo Shambani kwa Mama

Mvua za masika zilipokatika, ufa ulijitokeza shambani kwa mama huko Mai Mahiu, ukapita kati ya zizi na jikoni. Sisi watoto tukakubaliana ajengewe nyumba nyingine upande wa juu. Mama alikataa katakata. Baba tulimzika nyuma ya jikoni, na mama alisema hawezi kumwachia ufa akakimbia peke yake.

Mimi ni mkaidi pia, najua nilikoutoa ukaidi huo, kwa hiyo sikubishana. Nilimwambia nitaipima ardhi yote, ya nyumba na ya kaburi, kisha aamue mwenyewe.

Kupima ardhi ndiyo kazi yangu, na sehemu yake kubwa naifanyia nyumbani kwangu Kiamunyi. Unagonga bamba la chuma kwa nyundo, vipokezi ulivyochomeka udongoni vinanasa mtetemo, halafu unapiga hesabu kinyumenyume ujue kilichoko chini. Ni kama kugonga tikiti maji sokoni. Taabu ni kwamba ardhi za aina nyingi hutoa mlio mmoja, na ukitaka kuzijaribu zote utazeeka. Kwa hiyo naigawa ardhi vijisanduku, kila kimoja kiwe ama kigumu ama laini, kisha naipelekea swali hilo kompyuta ya kwantamu, aina mpya ya kusaka majibu bora kati ya mengi mno, iliyoko ng'ambo, kupitia mtandao. Yenyewe hairudishi jibu moja. Inarudisha mengi yanayokaribiana kwa ubora, nami naangalia yanaafikiana wapi. Mwenzangu kazini alinitania kwamba kwa shamba dogo hivyo hata laptopu ingetosha. Alisema kweli, lakini huyu ni mama yangu, na mgeni wa heshima hupikiwa kwa sufuria kubwa.

Nilienda Jumamosi. Kumbe mama alikuwa amewaalika akina mama wa kanisa waje kuiombea kazi, maana kwetu kazi haianzi hivi hivi. Nilidhani wataomba kisha waketi wanywe chai. Waliomba, wakaimba, wakarukaruka kando ya vipokezi vyangu hadi vumbi likatimka. Mimi ni nani niwaambie watu wazima wapunguze kumsifu Mungu? Niligonga tu huku nikicheka.

Nilipofika Kiamunyi na kutuma rekodi zile, majibu yalikuja kila moja na dunia yake. Kompyuta ilikuwa imepewa nyundo yangu na miguu ya kwaya nzima. Nikarudi tena katikati ya wiki, na mama akawasihi wenzake waombe wakiwa makwao. Walikubali, ingawa mmoja alituma salamu zenye kinyongo.

Safari hiyo majibu yaliafikiana vizuri. Chini ya nyumba na jikoni, karibu yote yalisema palikuwa laini. Upande wa juu palikuwa pagumu. Nilimpelekea mama picha za majibu hayo, tukaketi kwenye benchi nje. Alivaa miwani, akairuka nyumba yake kabisa, akaweka kidole nyuma ya jikoni.

"Hapa baba yako amelala ni pagumu?"

Nilimwambia karibu picha zote zinasema hivyo.

"Na hizo zingine zinasema aje?"

"Hizo hazina uhakika, Mum. Na mimi siwezi kukudanganya."

Alizipitia zote upya, moja baada ya nyingine, bila haraka. Niliogopa, kwa sababu kama angekataa tena sikuwa na hoja nyingine, na mvua zingerudi. Kisha akavua miwani.

"Basi yeye hana shida. Mwenye shida ni mimi. Nijengeeni huko juu, lakini mlango uangalie kwake."

Nilifurahi hadi machozi yakanitoka, naye akajifanya hayaoni. Fundi alipokuja alilalamika kwamba mlango ukielekezwa huko, upepo wote wa bonde utaingia ndani. Mama alimwambia ataununulia pazia.