Gurudumu la Kidachi kwenye Baisikeli ya Kiingereza

Nakumbuka Idi moja, mwanangu, enzi za Mdachi, huyo Mjerumani, nami ni msichana mbichi. Kilindoni yote, hapa Mafia, ilitoka njiani, maana kaka yangu Shomari alikuwa anashindana kwa baisikeli na Makame mwenye punda. Baisikeli! Wengine walikuwa hawajaiona hata ikiwa imesimama, sembuse ikikimbia.

Shomari alikuwa fundi wa majahazi, mzaliwa wa kisiwa cha Jibondo kama sisi sote nyumbani. Mzee Haji, aliyemfundisha kazi, alikuwa amemwahidi jahazi jipya alijenge mwenyewe, tangu kulaza mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo. Usiku na mchana hakuwa na ndoto nyingine. Kisha akapata wazimu wa pili: baisikeli ya Kiingereza kutoka Unguja, haina gurudumu la mbele. Akatafuta, akapata la Kidachi. Lilikaa vizuri, ila nati za Kiingereza zikaikataa ekseli ya Kidachi. Ekseli nene, na meno yake hayakulingana nazo.

Shomari akashika tupa. Akaikwangua ekseli mpaka nati zikaingia. Sasa zikaingia mno, zikawa zinacheza. Basi akafanya alivyozoea kufanya kwenye nyufa za jahazi: akazungushia pamba iliyolowa mafuta ya papa, akakaza. Tukapiga vigelegele. Harufu yake, Mungu atusamehe!

Asubuhi ya mashindano Mzee Haji akaja, akainama, akanusa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nini hii?"

"Nimeikalafati."

"Shomari, pamba hushika chomboni kwa sababu mbao zikinywa maji huvimba, zikaibana. Chuma kimeanza kuvimba lini? Tena umekipaka mafuta, kiteleze vizuri! Shuka, kijana. Mkono huo nimeuwekea jahazi."

Makame akacheka juu ya punda wake. "Mwacheni ashuke! Nishinde nikiwa nimekaa!"

Watu wakaangua kicheko. Kaka hakushuka.

Ee mwanangu, mbio zile! Mteremko wa pwani ukampokea, kanzu ikatuna kwa upepo, punda akaachwa akitingisha masikio, nami nikakimbia nyuma yao nikipiga kelele mpaka ushungi ukaanguka. Ghafla nikaona gurudumu la mbele linakwenda peke yake. Kaka akarushwa juu ya usukani, akaangukia mkono wa kulia. Gurudumu halikumngoja; likateremka, likafika mwisho kabla ya punda, na watu wakalishangilia!

Mzee Haji alifika kwa kaka kabla yetu. "Funga ngumi," akamwambia. Kaka akajaribu. Vidole havikufunga.

Mkono ulipona, alhamdulillahi, lakini taratibu. Mkuku wa jahazi lile ulilazwa na mwingine, na kaka alisimama pale akishika kamba kwa mkono wa kushoto, akilia bila kujificha.

Leo baisikeli zimejaa, nanyi vijana mnachanganya vipande vya hii na ile. Sikukatazi, raha yake naijua. Lakini nati ikikataa, usiilazimishe kwa tupa. Tafuta kipande cha baisikeli hiyohiyo, hata ukingoja meli tatu, kwa sababu chuma ulichokwisha kukwangua hakirudi. Ukilazimika kubadili kitu, mwonyeshe kwanza fundi wa chuma, kisha ujaribu polepole mahali tambarare. Breki na gurudumu la mbele usivichezee kabisa. Na anayekupenda akikuambia shuka, shuka, hata kama mji mzima unacheka.

Haya, nenda mwanangu. Mola akupe mwendo mwepesi na mifupa mizima, akufikishe uendako ukiimba.